Kadi Juu ya Bomba la Joto

Kanada,
Mwezi wa Pili, theluji ikiwa magotini.

Mama yangu mpendwa,

Kamwene, Mama. Nimetanguliza salamu ya kwetu kabla ya nyingine zote, na mbele utaona kwa nini. Barua yako niliipata Jumatatu. Nilipoona mwandiko juu ya bahasha nilidhani ni mtoto wa shule aliyetumwa na jirani. Nikafungua, nikakuta ni wewe. Wewe mwenyewe, Mama, kwa mkono wako! Herufi zako zimeinama kama watu wanaopanda mlima na mizigo, lakini zote zimefika juu. Nimeisoma mara nne, na mara ya nne sikuwa nasoma tena, nilikuwa nakutazama wewe umekaa na kibatari unatafuta pa kuanzia neno. Mwambie mwalimu wenu wa elimu ya watu wazima kwamba huku Kanada ana mtu anayemshukuru ambaye hajawahi kumwona.

Goti lako linaendeleaje? Na Bibi, bado anakataa kuvaa viatu? Watu wengine wakiandika nyumbani husema wao ni wazima, hofu ni kwenu. Mimi nitasema ukweli. Wasiwasi wote mwezi huu ulikuwa kwangu, na ulikuwa mkubwa hata nikashindwa kula. Sasa umekwisha. Nitakueleza ulivyokuja na ulivyoondoka, na usiruke mistari, kwa maana najua ukichoka kusoma unarukia mwisho.

Kwanza nijibu ulichoniuliza. Umeandika hivi, nami nakunukuu herufi kwa herufi: "Baba yako mdogo kaja kutoka Mbeya. Kasema kama hiyo mashine imekushinda urudi, ofisini kwake kuna nafasi ya kupiga taipu. Kasema muhula huu ukipita atawaandikia wakubwa waliokupeleka, awaambie ukoo unakutaka nyumbani. Mimi sijamjibu. We niambie, imekushinda au haijakushinda?"

Haijanishinda, Mama. Liandike neno hilo kwenye daftari lako la darasani, ulifanyie mazoezi. Na kazi ya kupiga taipu si kazi mbaya, mimi mwenyewe huku napiga taipu kutwa mpaka vidole vinakuwa vigumu. Ninachokataa ni kuitwa nimeshindwa na mtu ambaye hajauliza nashindana na nini. Ningekuwa mtoto wa kiume angesema nivumilie. Kaka Festo alipanda tumbaku Chunya miaka miwili mfululizo ikaungua na jua, hakuna aliyemwambia arudi akae ofisini kwa mtu.

Na kuna jambo jingine ambalo sijawahi kukuandikia. Siku niliyoondoka Mlandege, basi likiwa linasubiri, nilimkuta Baba Mdogo amesimama mlangoni. Nilipiga goti kama ulivyonifundisha, nikamwambia, "Kamwene, Baba." Akachukua kofia yake, akavaa, akatoka nje. Hakuitikia. Wewe ulikuwa ndani unafunga chapati zangu, hukuona. Tangu Iringa mpaka Dar es Salaam nilikuwa na salamu ile kifuani, haina pa kwenda, na hasira yake ndiyo imenivusha baridi mbili za huku.

Sasa mashine. Umeuliza ni kubwa kama nini. Ni kubwa kama nyumba yetu, pamoja na jiko la nje. Inakaa katika chumba kilichofungwa, na sisi wanafunzi hatuingii humo. Tunakaa vyumba vya mbali, kila mmoja mbele ya taipu iliyounganishwa nayo kwa waya. Unapiga maneno, mashine inakujibu kwa kupiga maneno yake kwenye karatasi ile ile. Inaitwa kompyuta.

Ajabu yake ni hii. Ni moja tu, lakini watu mia wanaitumia kwa wakati mmoja, na kila mmoja anapewa mashine yake mwenyewe ambayo kwa kweli haipo. Wanaiita mashine ya kudhaniwa. Unamkumbuka Bibi alivyokuwa na wajukuu tisa, na kila mmoja akajua kabisa kwamba Bibi ni wake peke yake? Alikuwa anageuka upesi tu, huyu anapewa kiazi, yule anafutwa pua, hakuna aliyewahi kumkosa. Basi kompyuta inafanya hivyo hivyo. Mimi nikikaa kwenye taipu nina mashine yangu, na jirani yangu ana yake, na wala hatuonani.

Kila mashine ya namna hiyo ina ghala lake, sehemu ndogo ambamo unaweka vitu vyako mpaka siku ya pili. Asubuhi ukifika mashine yako imelala kama mfu. Inabidi uiamshe. Unapiga neno la kuamsha, inakwenda ghalani, inasoma amri zilizopo pale mwanzoni, na kwa amri hizo inajiinua hatua kwa hatua mpaka iko tayari kwa kazi. Wengi wanatumia amri za kuamsha zilizotengenezwa kiwandani. Mimi nimeandika za kwangu mwenyewe, tangu neno la kwanza hata la mwisho, na ndio mtihani wangu. Nilizifanyia kazi miezi tisa.

Ikisha kuamka, mashine yangu jambo la kwanza inapiga neno moja kwenye karatasi: KAMWENE. Halafu inanyamaza mpaka uitikie. Usipoitikia, haifanyi kitu. Unacheka? Profesa wangu hakucheka. Ni mzee mrefu, mkavu, ana akili nyingi na subira ndogo. Aliniambia, "Yusta, mashine haihitaji salamu. Unapoteza muda wake na wangu."

Nikamjibu, "Kwetu mtu akiingia na shida yake bila kusalimu, wenye nyumba wanaruka wakidhani kuna moto."

Akasema nifanye nipendavyo, ila mwisho wa muhula nitaiamsha mashine yangu mbele ya walimu watatu. Isipoamka, nafasi yangu hapa imekwisha. Hiyo ndiyo habari niliyokuandikia barua iliyopita, na naona ndiyo iliyompa Baba Mdogo maneno ya kusema.

Basi, Mama, zikiwa zimebaki wiki tatu, siku ya Alhamisi asubuhi, nilikaa kwenye taipu kama kawaida, nikapiga neno la kuamsha. Taipu ikapiga mstari mmoja, ikanyamaza. Mstari ule maana yake ni kwamba mashine imesimama, inasubiri, na imefunga masikio, haitaki kuambiwa neno. Nilirudia. Mstari ule ule. Nilirudia tena nikipiga vidole taratibu, herufi moja moja, kama unavyoandika wewe. Mstari ule ule.

Nilikasirika, halafu nikajituliza. Mashine haina chuki na mtu. Ikikataa kuamka kuna sababu, na sababu hiyo ina mahali pake, kazi yangu ni kwenda kila mahali mpaka niikute. Nikawaza labda nimeipa nafasi ndogo ya kufanyia kazi. Nikaiongezea mara mbili. Ikakataa. Nikawaza labda inakwenda kwenye ghala la mtu mwingine kwa kukosea namba. Nikatazama namba, ni yangu. Nikawaza labda nilibadilisha kitu jana yake nikasahau. Nikatafuta karatasi zangu zote za jana, nikazitandaza sakafuni, nikatembea juu yake kwa soksi. Hakuna nilichobadilisha.

Profesa akapita, akatazama mstari ule. "Iondoe hiyo salamu," akasema. "Ndiyo inayokukwamisha."

"Haijaifikia salamu," nikamwambia. "Imekufa kabla."

"Umejuaje?"

"Ingekuwa imeifikia, ingekuwa imesalimu."

Akaenda zake. Siiondoi, nikasema moyoni. Hata kama ingekuwa kweli, kwanza ningetafuta njia nyingine kumi.

Saa nne nikajaribu jambo ambalo ningeanza nalo kama ningekuwa na akili zangu zote. Niliiamsha mashine yangu kwa amri za kiwandani badala ya zangu. Ikaamka mara moja. Ahaa. Basi mashine ni nzima, na ugonjwa uko ghalani. Nikaiambia inionyeshe orodha ya vitu vya ghalani, maana kila ghala lina orodha inayosema kitu gani kimewekwa wapi. Halafu nikaiambia inipigie kilichopo pale ambapo orodha ilisema pana amri ya kwanza ya kuamsha.

Unajua nilikuta nini? Sentensi ya Kiingereza kuhusu wakata miwa. Mashine yangu, Mama, ilikuwa inajaribu kuamka kwa kusoma habari za wakata miwa wa Jamaika.

Nikajua pale pale. Nikaegemea kiti, nikafunga macho.

Chumba kinachofuata changu bwenini anakaa dada mmoja anaitwa Merle. Ametoka Jamaika, ameacha watoto wawili kwa mama yake, na anasomea historia. Anaandika kitabu cha mtihani wake juu ya wakata miwa, na alikuwa anakiandika kwa kompyuta ili asirudie kupiga taipu kila akikosea. Ghala lake lilijaa. Aliomba aongezewe, wakamwambia hakuna nafasi. Siku moja akanigongea mlango, "Yusta, we una ghala kubwa na hujalijaza." Nikampa neno la siri la kufungulia ghala langu, na ruhusa ya kuweka vitu vyake humo. Sikufikiri hata dakika.

Ningefikiri nini? Ule mwaka watu walipohamishwa kwenda kijijini kule upande wa Ilula, na Mama Anjelina akabomolewa kihenge chake kabla ya kujenga kingine, si alileta mahindi yake kwetu? Hukumwuliza ni mangapi wala ni mpaka lini. Ulisogeza yetu kushoto, yake yakakaa kulia, basi. Mimi nilikulia katika kihenge cha namna hiyo.

Lakini ghala la kompyuta lina tabia moja ambayo kihenge hakina. Ukilifungua, unapewa nakala ya orodha uishike mkononi, na ukimaliza kazi unairudisha orodha yako mahali pa ile ya zamani. Mtu mmoja akiingia, hakuna shida. Wakiingia wawili kwa wakati mmoja, kila mmoja ana orodha yake, na kila mmoja anaona sehemu zile zile ni wazi. Yule anayetoka mwisho, orodha yake inafuta ya mwenzake. Jumatano alasiri mimi na Merle tulikuwa ndani wote wawili, yeye ghorofa ya chini, mimi ya juu. Alimwaga miwa yake juu ya amri zangu, na mimi bila shaka nimekula kurasa zake kadhaa.

Nilipomweleza alikaa kitandani akashika kichwa. "Nimekuua, Yusta. Nimekuua na mama yako."

"Mama yangu hauawi kwa miwa," nikamwambia. "Inuka."

Profesa alijua kabla ya jioni, maana wale wa chumba cha kompyuta wanaona kila ghala lililoharibika. Akaniita. Sheria yao ni kwamba anayeandika katika ghala lisilo lake anaondolewa kwenye kompyuta kabisa. Na Merle akiondolewa, kitabu chake kimekufa, na watoto wake wamekaa bila mama miaka miwili bure.

"Nani alikuwa na neno lako la siri?" Profesa akauliza.

"Ghala ni langu na kosa ni langu."

"Sikuulizi kosa. Nakuuliza jina."

"Jina nalijua," nikasema, "na silisemi."

Akasema, "Basi hutaongezewa hata siku moja." Nikasema asante. Nadhani asante ile ilimwudhi kuliko kukataa.

Usinionee huruma hapo, kwa sababu mwenzako nilikuwa nimeficha mbegu. Naam, mbegu! Tangu mwezi wa Kumi na Moja nilikuwa nimezitoboa amri zangu zote kwenye kadi. Hizi ni kadi za karatasi ngumu, ndefu kama bahasha, unatoboa matundu madogo na kila tundu lina maana yake, halafu kuna mashine ya kuzisoma. Kadi mia sita na ushei. Hakuna aliyeniambia nifanye hivyo. Ni wewe. Umesahau ulivyonichapa mwaka ule nilipotaka kutwanga mahindi ya mbegu kwa kuwa ya chakula yalikuwa mbali kihengeni? Mbegu kwetu haichanganywi na chakula, inakaa mahali pake. Basi nikaziweka kadi mahali pake, nikajisifu sana.

Mahali gani? Hapo ndipo mwanao alipojiroga.

Chumba changu kina bomba nene la chuma chini ya dirisha, linapita maji ya moto kupasha chumba joto. Juu yake kuna ubao. Mimi nilipouona tu ubao ule juu ya joto, nikaona uchaga wa jikoni kwetu, na mbegu zinaning'inia juu ya mafiga, kavu, hazina mdudu. Nikazifunga kadi zangu katika kile kitenge ulichonipa, nikaziweka pale. Miezi mitatu zikapata joto usiku na mchana. Sikuzigusa hata mara moja, kama vile wewe usivyogusa mbegu mpaka mvua.

Siku ile nilipofungua kitenge zilikuwa zimepinda kama maganda ya mti. Nikajipa moyo, nikazipeleka chumba cha kadi. Mashine ya kuzisoma ikavuta tatu za kwanza, ikazitafuna, ikapiga kelele, ikazima. Yule mama anayesimamia chumba kile anaitwa Bi Olga, mtu mzima, mnene, kwao ni Ukraini. Akatoa vipande kwa kibanio, akavitazama, akanitazama.

"Uliziweka wapi?"

"Juu ya joto."

"Kwa nini uweke kadi juu ya joto?"

Nilitaka kutunga uongo, nikashindwa. "Ndiko mbegu zinakokaa," nikasema.

Bi Olga alikaa chini. Alicheka mpaka akavua miwani akaifuta. Nilikuwa karibu kulia na karibu kumtukana. Kisha akasema mama yake naye alikuwa anatundika vitunguu juu ya jiko, baridi yote, na ole wako uviguse. "Lakini binti yangu," akasema, "hizi si vitunguu. Karatasi ikikauka inajikunja. Hizi mashine haitazipokea tena."

"Matundu yapo?" nikauliza.

"Matundu yapo."

"Na macho yangu yapo."

Hapo ndipo tulipoanza. Kila kadi ina maandishi madogo juu yake yanayosema matundu yake yana maana gani. Mashine haiwezi kusoma kadi iliyopinda, mtu anaweza. Kila asubuhi saa moja, Bi Olga alitufungulia, Merle akakaa na kitenge mapajani, anazinyoosha moja moja kwenye goti na kunisomea kwa sauti, na mimi nazitoboa upya. Merle anasoma kwa mwimbo wa kwao, hata amri kavu kabisa ya mashine inatoka kama sala. Saa tatu tunaacha, tunakwenda darasani. Alasiri tunarudi. Siku kumi na mbili. Mikono iliniuma mpaka mabegani. Mabadiliko niliyoyafanya baada ya mwezi wa Kumi na Moja hayakuwamo katika kadi, hayo ilibidi niyatoe kichwani, na mengine yalitoka yamekosewa nikayarudia.

Zile kadi tatu zilizotafunwa, moja ilikuwa ya salamu, niliyokuwa nimeifunga juu ya zote. Tuliunganisha vipande, vingine havikuonekana. Merle akaniambia, "Iache, basi. Atafurahi huyo mzee." Nikaitoboa hiyo kabla ya zote siku ile, kwa kichwa, wala sikukosea tundu hata moja.

Siku yenyewe ilikuwa Ijumaa iliyopita, saa tatu asubuhi. Walimu watatu wakakaa, Profesa katikati. Nikaingiza kadi mpya, zilizonyooka. Nikapiga neno la kuamsha. Mama, kati ya neno lile na jibu ni muda wa kuvuta pumzi moja, lakini mimi katika pumzi ile nilifika Mlandege nikarudi. Nikamwona Baba Mdogo na kofia yake. Nikaiambia mashine moyoni, ukikataa leo sitalia hapa, nitalia chumbani.

Taipu ikapiga: KAMWENE.

Nikainuka nikampisha Profesa kiti, kwa kuwa ni desturi mwalimu ajaribu mwenyewe. Akakaa, akapiga amri ya kwanza ya mtihani. Mashine ikajibu: KAMWENE. Akadhani amekosea, akaipiga tena. KAMWENE. Mwalimu wa kulia kwake, mama mmoja wa makamo, akaanza kutabasamu. Profesa akapiga mara ya tatu, kwa nguvu. KAMWENE.

"Inataka nini?" akauliza bila kugeuka.

"Inataka uitikie."

"Unaitikiaje?"

"Neno hilo hilo, Profesa. Nawe unalirudisha."

Mzee yule alinyoosha kidole kimoja akapiga K, akatafuta A, akapiga M, na kuendelea hivyo mpaka mwisho, kama mwanafunzi wa darasa lenu. Mashine ikafunguka. Ikafanya kila alichoiambia asubuhi nzima, bila kusita.

Hakunisifu, usidhani. Alipokuwa anakusanya karatasi zake aliniambia, "Bado hujanitajia lile jina."

"Na bado sitalitaja," nikasema.

Akaandika kitu kwenye daftari lake. "Muhula ujao utaendelea kusoma hapa," akasema. "Na kadi uziweke mahali pa baridi." Nadhani Bi Olga alimwambia. Kadi zangu sasa ziko chini ya kitanda, pamoja na za Merle, maana kurasa zake nazo tumezitoboa zote. Ghala langu bado analitumia. Sikumnyang'anya. Tunaingia kwa zamu tu, yeye alasiri, mimi asubuhi, na tumeandika ukutani.

Nisalimie Bibi, mwambie mfano wa mashine ni yeye, atataka kujua kwa nini. Nisalimie Mama Mkubwa na nyanya zake pale barabarani Ilula, mabasi yasimpite bila kusimama. Kaka Festo ukimwandikia Chunya mwambie nangoja habari ya tumbaku ya mwaka huu, na asiache. Mama Anjelina mwambie mahindi yake nayakumbuka. Mwalimu wako msalimie kwa mwandiko wako mwenyewe, ubaoni, mbele ya wenzako.

Humu ndani nimeweka kadi moja iliyopinda, hiyo ni yako. Itundike juu ya moto pamoja na mbegu, maana haina la kupoteza tena. Nimeweka pia kipande cha karatasi ile ya Ijumaa. Usimpe mtu akusomee, neno lililopo unalijua tangu utoto. Nimeikata chini ya ile KAMWENE ya kwanza kabisa, kabla Profesa hajagusa kitu, kwa hiyo chini yake ni peupe.

Hiyo mpe Baba Mdogo, pamoja na kalamu. Usimweleze lolote, usimwombe lolote. Kama anataka kuwaandikia wakubwa, aanzie hapo. Nilimsalimu mlangoni, na bado nasubiri.

Ni mimi, mwanao ambaye hajashindwa,

Yusta